Msiing'oe tena: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya reli nchini Ireland

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi wa Ireland,
Kwa wakuu wa shirika la reli, Iarnród Éireann,
Kwa madiwani wa Kaunti ya Clare,

Waheshimiwa,

Naandika kutoka Ennis, Kaunti ya Clare, ambako huu ni mwaka wangu wa tisa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuwapa dawa kwa saa zake, na kukaa nao. Kwetu ni Mombo, mkoani Tanga, Tanzania. Barua hii nimeiandika kwanza kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha inayoweza kunibebea jambo zito bila kupungukiwa, na kwa kuwa najua wako wengi, nyumbani na huku Ulaya, watakaoisoma wakaikumbuka reli ya kwao. Tafsiri yake nimewatumia kwa posta.

Ombi langu ni moja. Reli ambazo bado zimelala ardhini, hata kama hakuna treni inayopita, msiziguse. Na pale ambapo chuma kilishang'olewa, kipande chochote cha njia kilichobaki mikononi mwa umma kisiuzwe tena. Naomba mnivumilie nieleze kwa nini mimi, mgeni wa juzi tu katika nchi hii, nakosa usingizi kwa jambo hili.

Miongoni mwa wazee wangu yuko mmoja anayeishi peke yake upande wa Miltown Malbay, si mbali na bahari ya Atlantiki. Dirisha la jikoni kwake linatazama shamba, na katikati ya shamba kuna tuta refu lililonyooka, limefunikwa na miiba. Siku za mwanzo nilidhani ni kingo ya kuzuia maji. Kwenye kizingiti cha dirisha hilo ameweka msumari mmoja: ule mnene wa kukaza reli kwenye mataruma, mrefu kuliko kiganja changu, kichwa chake kimetokeza upande mmoja kama mdomo wa ndege, na kutu imeukula hadi ukawa na rangi ya ganda la karanga. Kila nilipofuta vumbi niliuinua nikaurudisha mahali pake. Siku moja akanishika mkono, akaniambia niuache kiganjani kidogo niusikie uzito wake. Ndipo akanisimulia.

Alikuwa na miaka 11. Baba yake alikuwa akipeleka ng'ombe mnadani kwa treni. Mama yake alikuwa akipokea vifurushi stesheni kutoka kwa dada zake waliohamia Uingereza. Saa ya ukutani wanayo, lakini hakuna aliyeitazama. Treni ya asubuhi ikipita kabla ng'ombe hawajakamuliwa, mmechelewa. Siku ya mwisho ilikuwa Januari 31, 1961. Watu walisimama kando ya njia, wengine wakivua kofia kama inavyofanywa jeneza linapopita.

Kazi ya kuing'oa reli ilianza siku iliyofuata.

Siku iliyofuata, Waheshimiwa. Kwetu hata nguo za marehemu hazigawiwi kabla ya arobaini. Mafundi walipofika kwenye shamba lao, yule mtoto alitoka shule akawakuta wameshapita, mataruma yamelundikwa pembeni, kokoto zimebaki na alama ya kila taruma lilipokuwa limelala. Msumari mmoja ulikuwa umesahaulika. Akautia mfukoni, mfuko ukachanika njiani. Mama yake alianza kumgombeza kwa sababu ya suruali, kisha akauona msumari wenyewe, akanyamaza.

Nimekuwa nikiisoma historia ya reli hiyo, Reli ya West Clare, kila jioni ninayopata nafasi. Nataka mjue kwamba ninalolisema nimelichunguza.

Reli ile haikuwa zawadi ya mtu. Ilijengwa chini ya sheria ya mwaka 1883, ambayo iliwafanya walipa kodi wa sehemu yenyewe kuwa wadhamini wa gawio la wanahisa: mapato yakipungua, wao ndio wanaofidia. Kwa hiyo kila mkulima wa sehemu hiyo, hata ambaye hakuwahi kupanda behewa, aliichangia. Charles Stewart Parnell, mwanasiasa aliyeongoza harakati za Ireland kujitawala, alifukua udongo wa kwanza Miltown Malbay mnamo Januari 1885. Mwaka 1887 treni zikaanza kukimbia kati ya Ennis na Miltown Malbay, kilomita 43. Mwaka 1892 njia ikashuka kusini hadi Moyasta na kugawanyika pale kama panda ya manati, mkono mmoja ukaenda Kilrush, kwenye lango la mto Shannon, na mwingine ukaenda Kilkee, kwenye ufuko ambako familia za Limerick zilikuwa zikienda kupumzika majira ya joto.

Ilikuwa reli nyembamba, futi 3 tu kutoka chuma hadi chuma, ilhali njia kuu za Ireland zina futi 5 na inchi 3. Maana yake kila gunia na kila mnyama alipofika Ennis alishushwa na kupakiwa upya. Huo ulikuwa ugonjwa wake tangu kuzaliwa, nami siufichi.

Lakini tazameni jinsi walivyoitunza. Upepo wa Atlantiki ulikuwa ukipindua mabehewa. Basi pale stesheni ya Quilty, mahali ambapo reli inapita karibu kabisa na bahari, wakafunga kipima upepo. Upepo ukizidi kiwango kilichowekwa, mkuu wa stesheni anatoa onyo la kwanza: hakuna treni kuondoka mpaka mabehewa yaongezewe uzito. Ukizidi zaidi ya hapo, onyo la pili: treni zote zisimame. Mtu mmoja, kifaa kimoja, na waya wa simu, wakalinda maisha ya watu kwa miongo. Mimi nikisoma hayo namwona yule mkuu wa stesheni usiku wa Desemba, taa mkononi, akisoma sindano ya kipimo huku dirisha linatetemeka. Watu waliokuwa wakifanya kazi kwa uangalifu wa namna hiyo hawakustahili kufungiwa kwa barua.

Na linaloniuma zaidi ni hili. Mwaka 1952 yaliletwa mabehewa yanayojiendesha kwa dizeli, na mwaka 1955 vichwa vya treni vya dizeli. Makaa ya mawe yakaachwa, safari zikafupika, reli ndogo ya kijijini ikawa na mitambo mipya kuliko njia nyingi kubwa za nchi. Miaka sita baadaye ikauawa. Hesabu iliyotangazwa Septemba 1960 ilisema reli inapata hasara ya pauni 23,000 kwa mwaka. Sikatai hesabu hiyo. Ninachouliza ni iwapo mtu anayenunua mtambo mpya mwaka 1955 na kuutupa mwaka 1961 ameipa dawa muda wa kufanya kazi.

Sheria ya Uchukuzi ya mwaka 1958 ndiyo iliyofungua mlango. CIÉ, shirika la umma la usafiri, liliambiwa lijiendeshe bila hasara ifikapo 1964, na likapewa uhuru wa kufunga njia bila kwenda kwanza mbele ya baraza la kusikiliza wananchi. Mwenyekiti wake mpya, Todd Andrews, hakupoteza muda. Njia ya Harcourt Street jijini Dublin ilifungwa Desemba 31, 1958. Njia ya Waterford kwenda Tramore ilifungwa Desemba 31, 1960. West Clare ikafuata mwezi mmoja baadaye. Machi 31, 1961 zikafungwa reli zote za Cork Magharibi, Bandon, Clonakilty, Skibbereen, Bantry, siku moja. Kisiwa hiki kilichokuwa na karibu kilomita 5,600 za reli mwaka 1920 leo kina kama kilomita 2,300.

Nawaelewa waliokata. Sensa ya 1961 ilihesabu watu milioni 2.8 katika Jamhuri ya Ireland, idadi ndogo kuliko zote zilizowahi kuhesabiwa tangu nchi ipate uhuru. Vijana walikuwa wakimiminika kwenye meli. Ukikaa ofisini na karatasi kama hiyo, ni rahisi kuamini kwamba vijiji vinakwisha na kwamba reli ya vijiji ni mzigo. Lakini sensa ya 2022 imehesabu watu zaidi ya milioni 5.1. Walipanga kwa ajili ya nchi inayokwisha, na nchi haikukwisha. Mimi mwenyewe ni mmoja wa waliohesabiwa.

Kutoka Kilrush, siku isiyo na ukungu, unaona mabomba mawili marefu ya moshi ya Moneypoint, kituo kikubwa cha umeme, kilichojengwa miaka 20 tu baada ya reli kung'olewa, kilomita chache kutoka mahali treni zilipokuwa zikigeuzia. Panda juu zaidi ya mto, ng'ambo ya pili, utafika bandari ya Foynes. Foynes nayo ilikuwa na tawi lake la reli kutoka Limerick. Treni za abiria zilikoma miaka ya 1960, za mizigo zikakoma mwanzoni mwa miaka ya 2000, miti ikaota katikati ya njia. Lakini chuma kiliachwa na ardhi haikuuzwa. Leo mafundi wamerudi, reli inajengwa upya kwa ajili ya mizigo ya bandari. Mto ni uleule na miaka ile ilikuwa migumu kwa pande zote mbili. Tofauti ya Foynes na Kilrush ni kwamba upande mmoja hakuna aliyeharakisha kuita wanunuzi wa chuma chakavu.

Na hapa hapa Ennis tunao ushahidi mwingine. Njia ya kwenda Athenry ilipoteza treni za abiria mwaka 1976. Ikalala. Machi 2010 ikafunguliwa tena, na sasa napanda treni asubuhi nikafika Galway nikiwa nimekaa, bila kupiga hesabu ya foleni. Hata Harcourt Street, ambayo chuma chake kiling'olewa, sehemu kubwa ya njia yake haikujengwa nyumba, na mwaka 2004 tramu za Luas zikapita juu ya daraja lilelile la matao tisa pale Milltown, Dublin.

Sasa niruhusuni niwapeleke kwetu kwa dakika chache.

Nilikulia kando ya reli inayotoka Tanga kwenda Moshi na Arusha. Nilipopata akili treni za abiria zilikuwa zimekoma, tangu katikati ya miaka ya 1990. Sisi watoto tuliijua reli kama mahali pa kuanika mahindi na pa kufuatana mstari mmoja kwenda shule. Wazee walikataa kabisa chuma kuguswa. Aliyeonekana na spana karibu na reli aliulizwa anatafuta nini. Bibi yangu alikuwa akisema treni imesafiri, haijafa, nasi tulidhani ni maneno ya uzee. Mwaka 2019 njia ikasafishwa, mataruma yaliyooza yakabadilishwa, treni za mizigo zikatangulia, na Desemba mwaka huo treni ya abiria ikafika Moshi. Nilikuwa zamu ya usiku hapa Clare ndugu yangu aliponipigia simu ya video. Hakusema neno. Aliielekeza simu kwenye reli tu, nikasikia honi.

Nchi hiyohiyo ina mfano wa pili. Kule kusini, Waingereza walijenga reli kutoka Mtwara kuelekea Nachingwea kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Mradi ukaanguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1960, miaka ileile ya West Clare, reli ikang'olewa. Leo serikali inapanga reli mpya ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, na lazima ianze moja: kupima, kulipa fidia, kusafisha pori.

Narudi Clare. Mwaka jana nilimsindikiza mzee wangu kwenye miadi ya macho mjini. Tulitoka gizani. Basi la kwanza lilichelewa, la kuunganisha likawa limeshaondoka, tukakaa kwenye kibanda kisicho na mlango, mvua inaingia kwa ubavu, yeye na fimbo yake na barua ya hospitali ndani ya mfuko wa plastiki. Simlaumu dereva, barabara za huku ni nyembamba na trekta likitangulia hakuna la kufanya. Tulifika saa imepita, tukapewa tarehe nyingine. Kurudi, basi likapita mahali ambapo stesheni yao ilikuwapo. Jengo bado lipo, ni nyumba ya mtu sasa, maua dirishani. Aligeuza shingo kulitazama mpaka lilipopotea, na macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo najua alikuwa akilitazama kwa kumbukumbu.

Naambiwa halmashauri ya kaunti ina mpango wa kugeuza njia ya zamani ya West Clare kuwa barabara ya baiskeli na waenda kwa miguu. Ni wazo jema nami naliunga mkono. Lakini waulizeni maofisa wenu ugumu uko wapi. Uko katika ardhi. Baada ya 1961 njia ilikatwa na kuuzwa kwa wenye mashamba, na leo kila hatua chache kuna lango, uzio, zizi, na mtu mwenye hati halali ambaye ana haki ya kuulizwa na kulipwa. Wakulima hawa sio wabaya. Walinunua kilichouzwa. Kosa ni la aliyeuza. Kama hata njia ya kupita baiskeli inachukua miaka ya mazungumzo, je, siku moja mkihitaji njia ya treni?

Pale Moyasta wapenzi wa reli wamejitolea wakarudisha kipande kifupi cha kilomita chache, na mwaka 2009 wakakirudisha kichwa cha treni cha mvuke, Slieve Callan, kilichoundwa Glasgow mwaka 1892 na kusimamishwa miaka mingi nje ya stesheni ya Ennis kama sanamu. Nilimpeleka mzee. Aliweka kiganja kwenye chuma baridi akakaa hivyo kimya. Kazi ya watu wale naiheshimu sana. Lakini kilomita chache za kumbukumbu hazimfikishi mtu hospitalini.

Ndiyo maana nawaandikia nyinyi wa leo, wakati bado kuna cha kuokoa. Kule kusini-mashariki kuna njia kati ya Rosslare na Waterford, iliyofunguliwa mwaka 1906, yenye daraja la chuma juu ya mto Barrow lenye urefu wa karibu mita 650. Mwaka 2006 kiwanda cha sukari cha Mallow kilifungwa, na treni zilizokuwa zikibeba viazisukari kutoka Wellingtonbridge zikakosa kazi. Treni ya abiria ilikuwa moja kwenda na moja kurudi kwa siku. Septemba 18, 2010 ikapita ya mwisho. Ukimpa mtu treni moja kwa siku kisha ukahesabu abiria, umeshaandika jibu kabla ya swali. Tangu 2021, Uingereza ilipotoka kwenye soko la Ulaya, meli za moja kwa moja kutoka Rosslare kwenda bara zimeongezeka sana. Bandari imeamka, na reli yake ya kwenda magharibi imelala kando yake.

Mapitio ya kimkakati ya reli ya kisiwa kizima, yaliyotolewa na serikali ya Dublin na ile ya Belfast, Ireland ya Kaskazini, Julai 2024, yanasema njia hiyo irudishwe, na ile ya Athenry hadi Claremorris irudishwe, na nyingine zijengwe upya, kwa gharama ya karibu euro bilioni 37 hadi mwaka 2050. Nimeyasoma. Ni maandiko mazuri. Ila 2050 ni mbali, na kati ya sasa na wakati huo kutakuwa na bajeti ngumu, na waziri mwingine, na mtu atakayekuja na karatasi inayosema chuma kile kina thamani kikiuzwa.

Kwa hiyo naomba mambo haya yaandikwe katika sheria, yasibaki kwenye ripoti. Njia ambayo haina treni isifutwe wala ardhi yake isiuzwe bila kura ya Bunge, na bila wananchi wa sehemu hiyo kusikilizwa kwanza, haki ambayo sheria ya 1958 iliwanyang'anya. Pale panapojengwa njia ya baiskeli juu ya tuta la reli, hati iseme waziwazi kwamba tuta limehifadhiwa kwa reli na linaweza kurudishwa. Madaraja, hasa la Barrow, yapakwe rangi na kukaguliwa kila mwaka kana kwamba treni inapita kesho, kwa sababu daraja likianguka hakuna tena mjadala. Na kwa madiwani wa Clare: kila kipande cha West Clare ambacho mwenyewe anataka kukiuza kwa hiari, kinunueni nyinyi kwanza. Kimoja kimoja. Iliuzwa hivyohivyo.

Naomba jibu kwa maandishi. Nimemwahidi mzee wangu kwamba mtajibu, na ameniambia nimwachie barua hiyo kwenye kizingiti cha dirisha, karibu na msumari. Tafadhali iandikwe kwa herufi kubwa. Miadi yake ya macho imesogezwa tena, na angependa kuisoma mwenyewe.

Wenu kwa heshima,
Mhudumu wa wazee, Ennis